Gitaa Tulilolilaza Baridini

Mwezi uliopita tulikutana Pito, jirani na mji wa Sumbawanga, nyumbani kwa Kosta, kusherehekea jubilei ya ndoa yake. Kosta ndiye aliyekuwa mpiga besi na kiongozi wa bendi yetu ya ujanani. Katika bendi ile tumebaki watatu: Kosta mwenyewe, Deogratias na mimi. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, juani, maana kivulini Pito mwezi wa sita hakukaliki kwa baridi, tunakula ugali wa ulezi na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani, pale binti wa Deo, Adela, alipokuja na simu yake akachuchumaa mbele yangu. Anataka kununua gitaa la umeme. Alikuwa na picha mbili, na alikuwa amezisoma kuliko nilivyowahi kusoma Katekisimu. Hili, Shangazi, lina pikapu tatu, vile visumaku vya kunasa sauti chini ya nyuzi. Lile lina mbili tu lakini nene, linanguruma. Hili shingo yake nyembamba, lile pana. Hili lina kale kamkono ka kutetemesha sauti, lile halina. "Sasa nichukue lipi?" Kabla sijajibu, Deo aliweka sahani chini, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka. "Muulize vizuri huyo," akamwambia binti yake. "Atakwambia ukalilaze nje kwanza." Kosta naye akacheka. Adela akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba ya wazee waliopungukiwa akili, na mimi nikajikuta nipo tena katika mwaka ule, nina umri kama wake, na mikono yangu inanuka rangi ya vitenge.

Nilikuwa muuza duka. Nasema hivyo kwa majivuno, kwa sababu kuuza duka mwaka ule ilikuwa kama kukaa mstari wa mbele kwenye sinema. Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara za watu binafsi. Rafu ambazo nilizikuta zina kibiriti, chumvi na kalenda ya zamani zilianza kujaa taratibu: sabuni za harufu tusizozijua, vitenge vya Zaire, redio, viatu vya mtumba vikiwa vimefungwa jozi kwa kamba. Watu waliingia bila kununua, wakashika vitu, wakavinusa, wakavirudisha. Jioni nilirudi kwa mama mdogo Filomena, nyuma ya soko, katika nyumba ambayo bado naijua gizani: sebule yenye picha ya Moyo Mtakatifu na jiko la mkaa katikati, chumba chetu cha kulala, na stoo ya ulezi upande wa nyuma. Dirisha la stoo halikuwa na kioo. Upepo wa uwanda wetu uliingia humo usiku na mchana, na mama mdogo hakutaka lizibwe, kwa sababu alisema ulezi unapenda hewa. Tulikula tukiwa tumezunguka mkaa, magoti yakiungua na migongo ikiganda.

Siku ambazo sikuwa nyumbani jioni, nilikuwa kwenye ghala. Tuliitwa Baridi Sound, jina alilotupa mlevi mmoja kwa kutucheka, likatukaa. Zamani bendi ilikuwa ya shirika fulani la umma, na vyombo vilikuwa vyao. Shirika lilipoanza kufungwa, waliokuwa na mamlaka walituachia ngoma, besi, gitaa la rizimu na spika zilizotoboka, wakatuachia pia ghala tupu la mahindi la kufanyia mazoezi. Mpiga solo wetu aliondoka kwenda Mbeya, na gitaa la solo likaondoka naye. Hapo ndipo shimo lilipobaki. Deo alikuwa mwimbaji na alilijua gitaa kiasi. Mimi nilikuwa rizimu. Nilijifunza kwa masista nikiwa shuleni, kwenye gitaa kavu, lile la tumbo lenye tundu, na kila siku nilipofika nyumbani na gitaa langu la rizimu nilirudia nyimbo zetu zote kwa kupiga sehemu ya solo. Nilizijua zote. Hakuna aliyeniuliza.

Nilijua kwa nini hawaniulizi, kwa sababu niliwasikia. Kosta na Deo walikuja siku moja kwa mama mdogo kunywa togwa, nami nilikuwa stooni napepeta. Ukuta wa stoo ulikuwa wa matofali mabichi na maneno yote yalipita. "Leokadia anapiga," Deo alikuwa anasema, "mimi sikatai. Lakini solo, mzee mwenzangu? Watu wanalipa kuja kumwona mpiga solo. Sasa akisimama pale mbele dada wa duka la vitenge, watasikiliza gitaa au wataangalia gauni?" Kosta alikunywa, halafu akasema, "Tupate gitaa kwanza. Bila gitaa tunagombania kiti ambacho fundi hajakichonga." Mama mdogo aliendelea kuwamiminia wote wawili. Ila walipoondoka aliingia stooni, akanitazama nikiwa na ungo mapajani, akasema kwa Kifipa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama: wewe umesikia, na mimi nimesikia kwamba umesikia. Nililia kidogo. Kisha nikamaliza kupepeta, na kuanzia siku hiyo nikaitaka solo kwa hasira.

Gitaa lenyewe lingetoka kwa Mzee Masanja. Alikuwa Msukuma, amehamia na ng'ombe wake miaka mingi nyuma akakaa bondeni kwenye joto, upande wa Milepa, akafuga na kulima mpaka mifugo yake ikawa haihesabiki kwa macho. Ruksa ilipoingia, akapanda huku juu akaanza kujenga ukumbi wa starehe mjini, wa kwanza wa mtu binafsi. Alikuja ghalani kutusikiliza, akakaa juu ya gunia, fimbo magotini. Tulipomaliza alisema bendi yetu ina miguu lakini haina pembe. Alichosema baada ya hapo kilitunyima usingizi: atanunua gitaa linalokosekana na atatupa ukumbi kila Jumamosi, lakini kama siku ya kufungua ukumbi bado hatuna solo ya maana, atachukua bendi ya Mbeya, ambayo watu wake walikwisha kuja kuzungumza naye. Alisema hivyo kwa upole, kama anayekuuliza umeamkaje. Kosta alimshika mkono kwa mikono miwili.

Siku ya mnada akaja Rama. Alikuwa mfanyabiashara wa Kabwe, mtu wa ziwani, mwembamba, anayetetemeka tangu anashuka kwenye lori kwa baridi yetu. Juu ya marobota ya vitenge vilivyovuka maji alikuwa ameweka magitaa mawili ya umeme. Duka letu lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo na nilimwomba tajiri wangu ruhusa nikiwa tayari nimekwisha kuvuka barabara. La kwanza lilikuwa jekundu, jipya, linang'aa kama pipi iliyotoka mdomoni. Pikapu tatu, kamkono ka kutetemesha, vifungo vyeupe vya sauti. La pili lilikuwa la kahawia, zito kama mtoto aliyelala, limekwaruzika tumboni, na kichwani lilikuwa na alama nyeusi ambapo mtu fulani, ng'ambo ya ziwa, alizoea kuchomeka sigara yake kwenye nyuzi akiwa anapiga. Pikapu mbili tu. Jina la kiwandani lilikuwa limefutika.

Mzee Masanja, aliyekuwa amefika mnadani na Deo, hakutumia muda. Alilizunguka jekundu mara moja, akalipiga kofi mgongoni, akasema, "Huyu." Kwake rangi haikuwa jambo la mzaha, watu wake wana jina kwa kila baka la ng'ombe, na wekundu ule ulikuwa na jina lake. Deo alikuwa amekwisha kulivaa. Vidole vyake vilikimbia juu ya nyuzi, watu wakakusanyika, na hata bila umeme uliona jinsi linavyomkaa. Sitajifanya mjuzi. Nami liliponifikia nililipenda. Nyuzi zake zilikuwa chini, karibu na ubao, ukigusa tu sauti inatoka. Lile la kahawia lilikuwa na nyuzi za juu kidogo, linakudai nguvu. Lakini nilipolinusa jekundu shingoni, lilinuka rangi na mti mbichi. Nikakumbuka gitaa kavu la masista. Lilitoka Dar es Salaam likiwa zuri kupita kiasi, na kiangazi cha kwanza cha huku juu, kwa ule upepo mkavu na baridi ya kukausha midomo, shingo yake ilipinda mpaka sista akawa analitumia kuchezeshea watoto wadogo tu. Nikalichukua la kahawia, nikaliweka jichoni kama seremala anavyoangalia ubao. Shingo ilikuwa imenyooka.

"Mzee, shikamoo," nikamwambia Mzee Masanja, kwa maana hata salamu sikuwa nimetoa.

"Marahaba, mayu." Hivyo ndivyo alivyowaita wanawake wote, wakubwa kwa wadogo, na maana yake ni mama.

"Naomba kuuliza. Ukinunua dume bondeni ukampandisha huku juu, unamlipia papo hapo?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nani kakufundisha kazi yangu? Hapana. Dume la bondeni linaletwa, linalazwa kwanza. Baridi ya kwenu ina tabia zake. Linakula, linalala, likiamka linakohoa, mwenyewe analirudisha bondeni. Likiamka linatafuta majike, ndiyo nalipa."

"Na haya yametoka Kabwe, kwenye joto. Yote mawili."

Deo akacheka kwanza. "Leokadia, gitaa halina mapafu."

"Lina shingo," nikasema.

Mzee Masanja alitafuna kitu ambacho hakikuwa mdomoni. Halafu akamgeukia Rama, akamwambia kwamba magitaa yatalala. Hapo ndipo matatizo halisi yalipoanza, maana Rama alirudi nyuma hatua, akakumbatia robota. "Nilaze mali yangu Sumbawanga? Mzee wangu, watu wananiambia hata mwavuli usiuache. Nitaamka nikute kuku." Watu wote waliokuwa pale wakaangua kicheko. Sisi wa huku tumezoea kutaniwa uchawi. Tukifika mikoani tunaulizwa kama tumekuja kwa basi au kwa ungo. Mama mdogo, ambaye alikuwa ameletwa na kelele, akapenya katikati akasema stoo yake ina kufuli, ufunguo akae nao Rama mwenyewe shingoni, na asubuhi aje akague kama ni kuku au ni gitaa, na uji utakuwepo. Rama alikuwa na vitenge vya kuuza mpaka Jumapili. Akakubali, kwa uso wa mtu anayekubali kung'olewa jino.

Ile wiki nimeiishi mara nyingi kichwani. Magitaa yalitundikwa stooni bila mifuko, chini ya dirisha lisilo na kioo, pamoja na vihenge vya ulezi. Sikuruhusiwa kuyagusa, na Deo pia. Kila asubuhi Rama alikuja amejifunga kitenge kichwani juu ya kofia, anafungua kufuli, anachungulia, anafunga, halafu anakaa mezani kwetu kwa uji. "Leo bado ni magitaa," anatangaza. "Subiri Jumamosi," mama mdogo anamjibu, "siku za kazi huwa tumechoka." Rama alicheka lakini aliushika ule ufunguo. Siku ya pili alikuwa ameanza kusifia uji, siku iliyofuata akaleta migebuka, na nikagundua kwamba mama mdogo, mjane aliyekuwa hafungui kinywa kwa wafanyabiashara, alikuwa anapaka mafuta mikononi kabla ya mlango kugongwa. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kona ya meza nasali. Nasema ukweli: nilisali baridi iongezeke. Watu walilalamika sokoni kwamba mwaka huo upepo umezidi, na mimi nikipima vitenge nilikuwa nashukuru.

Na niliogopa pia. Kama yote mawili yangeamka salama, jekundu lingenunuliwa, Deo angelivaa, na ningekuwa dada wa vitenge aliyepotezea watu wiki nzima kwa maneno ya ng'ombe. Niliposema hivyo kwa mama mdogo, alikuwa anachochea ugali na hakugeuka. "Umelisema mbele ya watu," akasema. "Sasa lisimamie mbele ya watu." Hayo tu. Aliendelea kusonga.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kwenye ukumbi wa Mzee Masanja. Haukuwa na lipu bado, paa lilikuwa limefika nusu, mafundi walikuwa wamekuja na wake zao kutazama. Jenereta iliwashwa. Kosta alifunga waya, Deo akapewa jekundu. Yote mawili yalikuwa yametoka nje ya sauti, la kahawia pia. Nilitegemea la kahawia litaamka kama lilivyolala. Tukayakaza nyuzi upya. Deo akaanza, na sitamnyima haki yake, alianza vizuri. Ukumbi mzima ulijaa. Mafundi wakatikisa vichwa. Kisha akavuta kale kamkono, sauti ikatetemeka, watu wakapiga makofi, na nyuzi zilipotulia hazikurudi zilipokuwa. Akakaza, akaendelea. Akapanda juu kwenye shingo, pale solo inapotakiwa kulia, na badala ya kulia ikakwaruza, uzi unagonga chuma, unakabwa, sauti inafia njiani. Akajaribu sehemu nyingine. Ikakabwa. Kosta akaacha besi, akalichukua, akaliweka jichoni kama nilivyofanya mimi sokoni. Akampa Mzee Masanja aangalie naye. Shingo ilikuwa imejikunja kama upinde mdogo, si sana, lakini hata mtu wa ng'ombe aliiona.

"Linakohoa," akasema Mzee Masanja.

Nikavaa la kahawia. Lilinilemea begani na nilikuwa sina hata mkanda wa maana, nimelifunga kwa kipande cha khanga. Nilianza polepole, wimbo wetu wa mavuno ambao kila mtu mle aliujua, na nikapiga ile sehemu niliyokuwa naipiga peke yangu kitandani kwa mwaka mzima. Nyuzi zilidai nguvu, nikazipa. Vidole vya kupepeta ulezi havikosi nguvu. Nikapanda juu. Lilitoa sauti pale juu, safi, nene, ikapita kwenye nusu ya paa iliyokosekana ikaenda zake mjini. Sikumwangalia mtu. Niliporudi chini Kosta alikuwa ameingia na besi bila kuambiwa, na mpiga ngoma naye, na wake wa mafundi walikuwa wamesimama. Nilipiga wimbo mzima, nikaupiga tena, na nyuzi zikawa pale pale nilipoziacha. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, kabla wala baada, na nimeolewa, na nimezaa.

Kosta alifungua mdomo kuhusu nani atashika solo, na najua alitaka kusema tutakaa kikao. Mzee Masanja alimwahi. "Aliyesema lilazwe ndiye alichunge," akasema, na akamwita Rama pembeni wamalizane. Nilimtafuta Deo kwa macho, hakuwepo. Nilifikiri amekwenda moja kwa moja. Tulipokuwa tunakunja waya alirudi anahema, mkononi ana mkanda wa ngozi, wake mwenyewe, aliokuwa ameushonesha kwa fundi viatu akilisubiri gitaa la solo lije. Akafungua khanga yangu begani, akaufunga ule mkanda, akaurekebisha urefu. "Khanga itakuangusha siku ya ufunguzi," akasema. "Na mimi nitakuwa naimba, sitakuwa na mkono wa kukudaka." Kuanzia siku hiyo sijawahi kusikia neno lake baya juu yangu, wala kupitia ukuta.

Ukumbi ulifunguliwa Jumamosi mchana, jua likiwa juu, baada ya mavuno, watu wakiwa na nguvu na nafasi. Walitoka Pito kwa miguu, walipanda kutoka bondeni na lori la Mzee Masanja. Watu wawili wa bendi ya Mbeya walikuja wakasimama karibu na spika wamekunja mikono; wimbo wa tatu mikono ilikuwa imekunjuka, na mwisho mmoja aliniuliza gitaa nimelinunua wapi. Waliangalia gauni, ndiyo. Halafu wakasikiliza. Mama mdogo, ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi, alisimama mlangoni akisema anapita tu, na wimbo wa mavuno ulipoanza akavua kandambili zake akazishika mkononi. Aliyekuwa anacheza mbele yake, amejifunga kitenge kichwani, alikuwa Rama. Tulikuwa hapo kila Jumamosi kwa miaka, mpaka ukumbi ukageuzwa duka la simenti, na kila mtu akashika lake.

Haya yote nilimsimulia Adela pale Pito, kwa ufupi kuliko hapa, huku baba yake akinikatiza kusahihisha mambo aliyoyakumbuka vibaya. La kahawia, ambalo Mzee Masanja aliniachia ukumbi ulipofungwa, nilikuwa nimelibeba, kwa sababu Kosta alituagiza kila mtu aje na chombo chake. Lilikuwa ndani ya nyumba tangu asubuhi. Nikalitoa, nikalipitisha kidole: uzi mmoja tu ulihitaji kuguswa. Tukapiga wimbo wa mavuno, sisi wazee watatu, Deo anaimba kwa sauti iliyobaki, vidole vyangu vikikwama mahali na kukwamuka, na wageni wa jubilei wakaacha sahani zao wakaja nyuma ya nyumba. Nilipofika pale juu, lililia kama lilivyolia siku ile.

Tulipomaliza, Adela bado alikuwa na simu mkononi. "Nimeelewa, Shangazi," akasema. "Lakini hujaniambia. Kati ya haya mawili, nichukue lipi?"

Nikauvua shingoni ule mkanda wa ngozi wa baba yake, uliokuwa umelainika kwa jasho langu, nikamvisha yeye pamoja na gitaa. Akayumba kidogo kwa uzito, halafu akasimama sawa.

"Hayo ya kwenye simu siyajui," nikamwambia. "Hili limeshalala huku."